Kaburi la Nyeri na Hadithi ya Mkoloni Muungwana

Januari 2024 Waziri Mkuu wa Italia, Giorgia Meloni, aliwakaribisha viongozi wa Afrika mjini Roma na kuutangaza Mpango wa Mattei: euro bilioni 5.5 za kuanzia, kwa ajili ya nishati, kilimo, elimu, afya na maji, Kenya na Ethiopia zikiwa miongoni mwa nchi tisa za mwanzo. Moussa Faki Mahamat, aliyekuwa akiongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika, aliwaambia wenyeji wake pale pale ukumbini kwamba Afrika ingependa kushauriwa mapema. Maneno hayo yalipita kama upepo. Kilichobaki ni lugha ya udugu, na udugu mpya haukosi kutafuta babu. Kwa upande wa Kenya na Italia babu huyo anajulikana alikolala. Ni Amedeo wa Savoia, Duke wa tatu wa Aosta, makamu wa mfalme katika Ethiopia iliyotekwa na Italia mwaka 1936, ambaye kaburi lake liko ndani ya kanisa la kumbukumbu la Waitaliano huko Mathari, Nyeri.

Hadithi yake husimuliwa hivi. Jenerali Rodolfo Graziani aliichafua Ethiopia kwa damu, Roma ikaona haya, ikamtuma mwanamfalme mstaarabu. Akapunguza mauaji, akawaheshimu wenyeji, akapigana kishujaa hadi risasi za mwisho juu ya mlima wa Amba Alagi, akafia utekani na kuzikwa pamoja na askari wake. Hata kijana wa bodaboda aliyenipeleka Mathari aliniambia kuwa pale amelala "mfalme wa Wataliano aliyekuwa mpole". Mimi nasema upole huo kwa sehemu kubwa ni wa kweli, na hapo ndipo tunapopotea njia. Tunaudhani kuwa kinyume cha Graziani, wakati ulikuwa awamu ya pili ya kazi ile ile. Graziani alikuwa wa kuvunja. Duke alitumwa ili kilichovunjwa kizoeleke, watu walime, walipe kodi na waache kuuliza nani aliwaita wageni hawa.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana maisha yake yana mvuto ambao hauhitaji chumvi. Alizaliwa Torino tarehe 21 Oktoba 1898. Babu yake, Amedeo pia, aliwahi kuwa mfalme wa Hispania kwa muda mfupi kabla ya kuachia kiti mwaka 1873. Baba yake, Emanuele Filiberto, aliongoza Jeshi la Tatu la Italia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mama yake, Hélène, alitoka ukoo wa Orléans wa Ufaransa. Kijana alisoma Uingereza kwa muda, akapitia shule ya kijeshi ya Nunziatella mjini Napoli, na Italia ilipoingia vitani mwaka 1915 alijiunga na kikosi cha mizinga akiwa na miaka 16, kama askari wa kawaida, akapanda vyeo huko huko mstari wa mbele. Alikuwa mrefu kupindukia, karibu mita mbili, na picha zake karibu zote zinamwonyesha akiwainamia waliomzunguka. Nadhani sehemu ya sifa ya upole wake ilitokana na mwinamo huo.

Baada ya vita alielekea Afrika, na ni kama hakurudi tena kwa moyo wake. Kwanza alimfuata ami yake, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mpanda milima mashuhuri aliyeanzisha mashamba makubwa kando ya mto Shebelle nchini Somalia, mahali panapoitwa leo Jowhar. Kisha akaenda Kongo ya Wabelgiji. Husimuliwa kwamba alikuwa amefukuzwa kimya kimya kwa kosa la kumfanyia mzaha mfalme, binamu yake mfupi wa kimo, na kwamba huko Stanleyville, Kisangani ya leo, alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni bila kutaja ukoo wake. Wanaompenda hukitia mkazo kisa hiki, kana kwamba kuchemsha mafuta ya mawese pamoja na Wakongo kulimfanya mwenzao. Mimi naona jambo jingine. Aliporudi alisomea sheria Palermo na kuandika tasnifu kuhusu uhusiano wa kisheria kati ya dola za kisasa na wenyeji wa makoloni. Huyu hakuwa mtalii wa ukoloni. Alikuwa mwanafunzi wake makini, aliyetaka ufanye kazi vizuri.

Sehemu ya Libya hurukwa haraka mno katika simulizi za Nyeri, ingawa ndiyo iliyompa ujuzi wa kuongoza vita Afrika. Miaka ya 1920 aliongoza askari wa ngamia jangwani, na Januari 1931 alikuwa katika kampeni ya kuiteka Kufra, ngome ya mwisho ya Wasanusi, jumuiya ya Kiislamu iliyoongoza upinzani dhidi ya Waitaliano. Mkuu wa operesheni hizo alikuwa Graziani yule yule. Wakimbizi wa Kufra walifuatwa na ndege wakiwa jangwani, na wengi walikufa kwa kiu. Kaskazini, huko Cyrenaica, watu wapatao 100,000 walikuwa wamekwishaondolewa katika makazi yao na kufungiwa kambini ili Umar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji wa Libya, akose chakula na taarifa. Alinyongwa Septemba mwaka huo. Hakuna anayesema kuwa Duke ndiye aliyebuni kambi zile. Lakini anayemweka Graziani upande wa giza na Aosta upande wa nuru anapaswa kueleza kwa nini wawili hawa walitumikia vita vimoja, na kwa nini mmoja alirithi kiti cha mwenzake bila kuomba radhi kwa yaliyofanywa kutoka kiti hicho.

Kiti alikirithi mwishoni mwa 1937. Tarehe 19 Februari mwaka huo vijana wawili walikuwa wamemrushia Graziani maguruneti mjini Addis Ababa, na kwa siku tatu Waitaliano wakachoma nyumba na kuua maelfu ya watu wasio na silaha. Waethiopia huikumbuka siku hiyo kwa tarehe ya kalenda yao, Yekatit 12. Mwezi Mei ikafuata zamu ya kuuawa watawa wa monasteri ya Debre Libanos. Ukatili huo haukuleta utulivu. Ulijaza milima wapiganaji wazalendo, Arbegnoch. Mussolini hakumwondoa Graziani kwa sababu ya dhamiri. Alimwondoa kwa sababu gharama ilikuwa inapanda na barabara za lami hazikuwa salama nje ya miji.

Watetezi wa Duke wana hoja nzito hapa, na si haki kuzipuuza. Chini yake mauaji ya holela yalipungua. Baadhi ya watukufu wa Ethiopia waliopelekwa uhamishoni Italia waliruhusiwa kurudi. Alipendelea mazungumzo na machifu badala ya kuwanyonga, na aligombana na maofisa wa chama cha Kifashisti waliokuja Afrika kujitajirisha. Mtu aliyenusurika kifo mwaka 1938 kwa sababu gavana hakuwa Graziani hawezi kuambiwa kwamba tofauti ile haikuwa na maana. Uhai ni uhai.

Lakini mtu huyo huyo akiinua macho angeona nini? Kambi ya Danane nchini Somalia na gereza la kisiwa cha Nocra huko Eritrea viliendelea kupokea wafungwa. Amri ya 1937 iliyokataza Mwitaliano kuishi kinyumba na mwanamke Mwafrika ilibaki, na mwaka 1939 ikaongezewa sheria nyingine ya adhabu kwa anayevunja "heshima ya rangi". Na Aprili 1939, miezi zaidi ya kumi na tano tangu Duke aingie ofisini, wafuasi wa Abebe Aregai, kiongozi wa Arbegnoch, pamoja na wake na watoto wao walizingirwa katika pango la Zeret, kaskazini mwa Shewa. Jeshi la Italia liliingiza gesi ya haradali pangoni. Waliotoka wanaume walipigwa risasi, na mamia ya watu walikufa. Kikosi cha kemikali kilichofanya kazi hiyo kilikuwa cha divisheni ya Granatieri di Savoia, divisheni iliyobeba jina la ukoo wake. Mwanahistoria wa Kiitaliano Matteo Dominioni alilifikia pango hilo miaka ya 2000 na kukuta mabaki bado yamo. Serikali ya Italia yenyewe ilikuwa imengoja hadi 1996 kukiri kwamba ilitumia gesi ya sumu Ethiopia.

Wapo wanaosema Duke hakuhusika, kwa kuwa mambo ya kijeshi wakati huo yalikuwa mikononi mwa Jenerali Ugo Cavallero. Ni kweli madaraka yaligawanywa, na ugomvi wao ulikuwa mkali. Hata hivyo utetezi huu una tundu. Huwezi kumpa gavana sifa ya kila chifu aliyesamehewa, kisha kila pango lililotiwa gesi ukampa msaidizi wake.

Upande wa vita, naona wanaomlaumu wanamwonea zaidi kuliko wanaomsifu. Aprili 1940 alikwenda Roma na kueleza wazi kwamba koloni lake haliwezi kushambulia, na hata kujilinda kutakuwa taabu. Alikuwa sahihi. Italia ilipotangaza vita tarehe 10 Juni, Waingereza walishika Suez, hivyo karibu kila tairi na kila lita ya petroli aliyokuwa nayo ilikuwa ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho. Kwenye karatasi alikuwa na jeshi la kutisha, watu karibu 290,000, na zaidi ya theluthi mbili walikuwa askari wa Kiafrika. (Waitaliano waliwaita àscari. Neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi lilivuka pia upande wao, na mwaka 1941 askari walipigana na àscari, kila mmoja kwa bendera ya mwenye shamba wake.)

Wakosoaji wanasema alipaswa kuivamia Sudan mara moja, ambako Waingereza hawakufika 10,000, badala ya kuridhika na Kassala, Gallabat na Moyale, halafu akapoteza nguvu mwezi Agosti kuiteka Somalia ya Waingereza, ardhi ambayo haikumpa chochote zaidi ya vichwa vya habari. Hoja ya Somalia naikubali; Berbera ilikuwa ushindi wa magazeti. Ya Sudan ina mashaka, kwa sababu kufika Khartoum bila mafuta ya kurudia ni kujipeleka mwenyewe mtegoni, na nyuma yake Arbegnoch walikuwa wamezishika njia za Gojjam. Jambo alilofanikiwa ni lile aliloagizwa: kuwashughulisha Waingereza. Desemba 1940, katikati ya ushindi wao kule Misri, waliiondoa Divisheni ya Nne ya India na kuipeleka Sudan ili ipigane naye. Vita vya Keren, kuanzia Februari hadi mwisho wa Machi 1941, viliwagharimu wiki saba za damu. Kama afisa aliyetumwa kupoteza polepole, alipoteza vizuri.

Kusini mambo yalikwenda kasi. Majeshi ya Jenerali Cunningham kutoka Kenya yaliingia Kismayu tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ndani yake, pamoja na Waafrika Kusini na watu wa Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo), walikuwamo vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), jeshi ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili kile cha kambini, cha mkato, kisichojali ngeli. Nikisoma maelezo ya vita hivi nakuta majina ya majenerali wa pande zote mbili na aina za mizinga yao. Vijana wale wanatajwa kwa namba za brigedi.

Sasa tufike Amba Alagi, kitovu cha hadithi. Duke alijifungia juu ya mlima ule akiwa na watu wachache waliobaki, akizingirwa na Wahindi, Waafrika Kusini na wazalendo wa Ethiopia chini ya Ras Seyoum. Hapo hapo, Desemba 1895, Waethiopia waliokuwa na Ras Makonnen, baba wa Haile Selassie, walikifuta kikosi cha Meja Toselli. Mwaka 1941 kombora lilipasua ghala la mafuta na maji ya kunywa yakachafuka. Duke aliomba masharti. Waingereza wakampa heshima za kijeshi: tarehe 19 Mei watu wake wapatao 5,000 walishuka na silaha zao mbele ya gwaride la washindi, kisha wakaziweka chini. Italia ilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa na jina la Shujaa wa Amba Alagi.

Hapa ndipo inapokuja hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba adui mwenyewe alimpigia saluti, kwa hiyo vita vyake vilikuwa safi. Tuangalie nani alikuwa anampigia nani saluti. Waingereza walikuwa na makoloni yao. Walimwona mtu wa tabaka lao, aliyesoma kwao na kuzungumza lugha yao. Waitaliano walitaka kujisalimisha kwa Waingereza hasa, kwa sababu moja kubwa: waliogopa kuangukia mikononi mwa Waethiopia. Hata Addis Ababa ilipoanguka, Duke aliwashukuru makamanda wa Uingereza kwa kuwalinda wanawake na watoto wa Kiitaliano. Ni shukrani ya mtu muungwana, sina neno. Lakini walikuwa wanalindwa dhidi ya nani, na mtu huyo alikuwa na madai gani? Haile Selassie mwenyewe alizuiwa na washirika wake wa Kiingereza asiingie mji wake mkuu hadi tarehe 5 Mei, mwezi mzima. Waliopigana tangu 1936 ndio walioambiwa wangoje barazani wakati Wazungu wawili wanamaliza ugomvi wao kwa adabu. Heshima ile ilihusu jinsi Wazungu walivyotendeana. Kuhusu walivyowatendea Waethiopia haisemi lolote.

Wala Amba Alagi haukuwa mwisho. Jenerali Guglielmo Nasi aliendelea kushikilia Gondar hadi tarehe 27 Novemba 1941, na brigedi za Afrika Mashariki zilikuwa katika shambulio la mwisho lililoiangusha. Kwa nini tarehe hiyo haijulikani Nyeri, wakati 19 Mei inajulikana? Nadhani ni kwa sababu Gondar haikuwa na mwanamfalme.

Utekani aliwekwa Ol Donyo Sabuk, mashariki ya Thika, katika nyumba kubwa ya zamani ya mlowezi McMillan, wakati mateka wenzake walijaa makambini, wengine wakichimba barabara ya bonde la ufa ambako waliacha kanisa dogo la Mai Mahiu. Malaria na kifua kikuu vilimmaliza tarehe 3 Machi 1942 katika hospitali ya kijeshi ya Nairobi, akiwa na miaka 43. Aliomba azikwe pamoja na askari wake. Nyeri ilikuwa na wamisionari wa Consolata, shirika lililozaliwa Torino, mji wake, kwa hiyo kwa namna fulani alizikwa nyumbani. Kanisa la kumbukumbu lilikamilika mwaka 1952, na ndani yake kuna mabaki ya Waitaliano 676.

Huo mwaka 1952 haupaswi kupita hivi hivi. Oktoba yake Waingereza walitangaza hali ya hatari, na Nyeri ikawa moyo wa vita vya Mau Mau. Baadhi ya walioingia msituni walikuwa wametoka KAR, Waruhiu Itote akiwa mfano maarufu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa nje kidogo ya mji huo huo mwaka 1956, akahukumiwa papo hapo Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake, Mukami, alikufa Mei 2023 akiwa bado anaidai mifupa ya mumewe. Katika wilaya moja, aliyekuja kutawala Afrika ana kaburi, kanisa na ibada ya kila Novemba. Mwenyeji aliyekataa kutawaliwa hana hata kilima cha udongo. Sisemi Waitaliano waguswe pale Mathari. Wafu wao ni haki yao kuwatunza, na wengi walikuwa vijana wa vijijini waliochukuliwa kwa nguvu. Nasema tujue tunachokitazama.

Kujua huko kuna uzito katika siasa za leo. Ethiopia ilipeleka majina ya washukiwa wa uhalifu wa kivita kwa tume ya Umoja wa Mataifa, Badoglio, jenerali aliyeiteka Addis Ababa mwaka 1936, na Graziani wakiwamo. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa. Graziani alifungwa na nchi yake mwaka 1950, lakini kwa kushirikiana na Wajerumani, na akatoka baada ya miezi michache. Mkataba wa amani wa 1947 uliipa Ethiopia dola milioni 25. Libya ilipata ahadi ya dola bilioni 5 mwaka 2008, zikiwa zimefungwa pamoja na ulinzi wa pwani dhidi ya wahamiaji, na mwenye macho ataona ukoo wa Mpango wa Mattei hapo. Pendekezo la kuifanya tarehe 19 Februari kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa ukoloni wa Italia limezungumzwa huko Italia kwa karibu miaka ishirini, tangu mwanahistoria Angelo Del Boca alipolitoa. Mkoloni muungwana ndiye anayelifanya liahirishwe. Kila likija mezani, yupo wa kusema kwamba Italia haikuwa kama wengine, na akiulizwa ushahidi atamtaja mrefu wa Amba Alagi.

Nairobi ina nafasi isiyogharimu chochote. Wanadiplomasia wa Italia hupanda Nyeri kila Novemba na maua, na maofisa wetu huwasindikiza. Tarehe 27 ya mwezi huo huo ndiyo siku Gondar ilipoanguka. Brigedi zilizokuwapo ni ya 25 na ya 26 za Afrika Mashariki, na walioziunda walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland.